Kipimo cha Sithabile

Upande wetu huu wa Lobengula Street, hapa Bulawayo, mtu akitaka kujua kompyuta ina nguvu kiasi gani haulizi boksi limeandikwa nini. Boksi limeandikwa na muuzaji, na muuzaji ana watoto wa kulisha. Sisi tunauliza, "Inamaliza Sithabile kwa dakika ngapi?"

Jibu liko nyuma ya mashine, kwa kalamu ya wino, kwenye kipande cha plasta nyeupe. Dakika tatu na sekunde kumi. Dakika mbili kasoro. Utasikia wanaume wazima wakitambiana barazani: "Ya dakika tano hiyo? Hiyo punda, bwana, ifunge mkokoteni!"

Mwandiko ule ni wa Dumezweni Khumalo, fundi, ambaye kwa heshima ya ukoo wake tunamwita Mntungwa. Sithabile ni mkewe. Mwaka aliofungua duka, kabla hata hajapeleka mahari, Dumezweni alitaka kazi moja isiyobadilika ya kuipa kila mashine, ili asidanganywe na mtu wala asimdanganye mtu. Sithabile alikuwa mwimbaji wa kwaya. Akamwimbia ubeti wa kwanza wa wimbo aliobembelezewa na bibi yake, akaurudia mara ishirini na nne, mara juu, mara kati, mara chini, hadi mwanamke mmoja akawa kwaya nzima. Beti tatu zilizobaki wakasema wataziimba siku nyingine.

Tangu hapo kila kompyuta iliyoingia dukani ilipewa kazi ya kuzisuka sauti zile ziwe wimbo mmoja, fundi kashika saa. Alipima kabla ya kubadilisha kitu, akapima tena baada ya kubadilisha, kwa wimbo uleule. Ukimwambia mashine yako nzito, akuwekee prosesa mpya, alikucheka usoni.

"Nani kakwambia ni prosesa? Ukiumwa unajiandikia dawa mwenyewe? Tupime kwanza."

Na mara nyingi ilikuwa kitu kidogo tu, mtu anaondoka na pesa yake mfukoni, anamwombea baraka.

Mwezi wa tano koo likaanza kumkwaruza Sithabile. Tukadhani mafua. Hospitali wakaona uvimbe, na daktari akasema bila kuzunguka: kisanduku cha sauti kitatolewa chote, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita. Ataishi. Ila kuongea kama zamani hapana, na kuimba ndiyo basi.

Siku hiyo walikaa mezani, isitshwala, ugali wa kwetu, imepoa, hakuna aliyemega tonge.

"Baba Noxolo," mkewe akasema, "nataka niuimbe wote. Beti zote nne. Mtoto wetu ana miaka mitano, atasahau jinsi ninavyoimba."

"Utauimba."

"Basi lete simu yako niimbe sasa hivi."

"Simu?" Dumezweni alikaribia kukasirika. "Sauti yako niitie kwenye simu, kama mtu anayeagiza mkaa? Utaimba sauti zote ishirini na nne, Mama Noxolo. Kama ule wa kwanza."

"Simu inatosha, mume wangu."

"Haitoshi. Siyo kwako."

Ewe mwanaume! Lakini nani atamlaumu? Alikuwa anampenda, na mapenzi yakishapanda kichwani akili inakaa pembeni.

Wakaanza kurekodi kwa mashine yake mwenyewe ya pale dukani. Ubeti wa pili ukafika sauti ya kumi, kompyuta ikaanza kukwama. Ikawa inakata maneno katikati, inameza nusu na kutema nusu. Dumezweni akaifungua, akaitazama, akatikisa kichwa. Siku hiyohiyo akaagiza prosesa kubwa kutoka Johannesburg, ije na malayitsha, wale wanaovusha mizigo ya watu mpakani.

Mpumelelo, jirani yake anayeuza chaja, akamchungulia dirishani.

"Umeipima lakini, Mntungwa?"

"Nina muda wa kupima mimi? Mke wangu anahesabiwa siku!"

"Robo saa tu, kaka."

"Mpumelelo, kauze chaja zako."

Mganga hajigangi, wahenga walisema. Mtu aliyepimia nusu ya mji huu, mashine ya kwake aliipima kwa macho.

Malayitsha akakwama mpakani Beitbridge wiki tatu. Kila asubuhi Dumezweni alipiga simu, kila asubuhi akaambiwa kesho. Na kila asubuhi sauti ya mkewe ilikuwa imepungua kidogo. Mzigo ukafika Jumatano, zikiwa zimebaki siku mbili. Alifunga prosesa ile, na saa tisa alasiri Sithabile akasimama mbele ya maiki, kanga mabegani, anatabasamu.

Sauti ya kwanza, safi. Ya tano, safi. Ya kumi, mashine ikakata neno palepale ilipokuwa ikikata.

"Samahani, mama. Rudia."

Akarudia. Ikakata. Dumezweni akagusa hiki, akazima kile, akawasha upya. "Mara moja tu, mama. Sasa itakubali." Sithabile hakulalamika hata mara moja. Alikunywa maji ya uvuguvugu, akajishika koo, akasema, "Naanza tena." Mpumelelo alifunga kibanda chake akaondoka, alisema hakuweza kusikiliza. Mara ya kumi na moja alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu.

Alhamisi asubuhi Dumezweni alifanya kile ambacho angemfanyia mteja yeyote. Alirudisha prosesa ya zamani, akapima: dakika nne na sekunde kumi na mbili. Akafunga mpya, akapima: dakika nne na sekunde tisa. Wiki tatu za mke wake zilikuwa zimenunua sekunde tatu. Safari hii akatazama pia nani anafanya kazi na nani kalala. Prosesa ilikuwa imelala. Diski ndiyo iliyokuwa inahema, imezeeka, haiwezi kuandika sauti kwa kasi ile.

Diski ya kasi ilikuwa kwenye rafu yake mwenyewe, nyuma ya boksi la nyaya, tangu Krismasi. Aliifunga kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Akapima. Dakika moja na sekunde sita.

Akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, watu wakajaa mlangoni.

Saa sita mchana mkewe alitakiwa wodini. Getini Dumezweni alitoa simu, akaiweka karibu na mdomo wa mkewe. "Hata kidogo tu, Thabi." Sithabile akajaribu. Akajaribu tena. Kisha akaishusha ile simu taratibu, akamfuta mumewe machozi kwa ncha ya kanga.

Siku hizi Sithabile anakaa naye dukani, shingoni kitambaa, mapajani daftari anamoandika anachotaka kusema. Mwanzoni Dumezweni aliacha kupima kwa wimbo ule. Akatafuta wimbo mwingine, wa watu wengine. Wateja wakalalamika: plasta zao zina hesabu ya zamani, sasa watalinganisha na nini? Miaka yote ya nyuma inakuwa haina maana.

Juzi mama mmoja wa shule ya ushonaji alileta mashine yenye plasta ya dakika tatu, anataka kujua kama imechoka. Dumezweni akaanza kuweka ule wimbo mwingine. Sithabile akagonga meza, akaandika, akamgeuzia daftari: *Weka wangu. Kipimo hakibadilishwi.*

Akaweka. Sauti ishirini na nne zikajaa duka, msichana wa kwaya, koo zima. Ubeti wa kwanza ukaisha. Ndipo Dumezweni akamwona mkewe, macho kayafumba, midomo inaendelea na ubeti wa pili. Ikaenda wa tatu. Ikaenda wa nne, neno kwa neno, hakuna kilichosikika ila feni ya kompyuta.

"Ni dakika ngapi, Mntungwa?" yule mama akauliza.

Dumezweni akaitazama saa mkononi mwake. Alikuwa amesahau kuisimamisha. Ikabidi waanze upya.