Kikapu Tulichokifungua Uani kwa Shangazi

Ipo safari moja, mwanangu, ambayo kila nikikuona unapanga vyakula vya njiani huwa inanirudia. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaposwa, na bendera mpya ya uhuru pale kwenye ofisi za Matuga ilikuwa bado haijapauka kwa jua. Kwetu ni Msambweni. Shangazi yangu Mwanasiti, dada yake baba, alikuwa Samburu, ile ya njia ya Voi, kule kwenye ukame, ameolewa na mfugaji asiyekuwa wa dini yetu. Kwa ajili ya ndoa hiyo baba alikata mguu kwake, na nyumbani jina lake halikutajwa tena ila na bibi, mama yao, naye alilitaja akiwa juu ya mswala.

Kisha yule mume akafariki. Baba akalegea. Alisema tutakwenda kumpa shangazi mkono wa rambirambi, na akikubali, tutarudi naye nyumbani. Bibi alimshukuru Mungu huku analia. Wengine tulikuwa tunakwenda matangani, lakini bibi alikuwa anakwenda kumchukua mwanawe.

Nyinyi wa leo mkisafiri mnasema mtakula hukohuko mbele, mkifika Mariakani mnawanunulia watoto chipsi zilizolala, kisha mnashangaa wakitapika mpaka Voi. Bibi hakuwa na mchezo huo. Alitupangia mihogo ya kuchoma na samaki mkavu wa kula kabla ya feri ya Likoni, mahamri na mayai ya kuchemsha ya kula ndani ya basi, na maji kwenye kibuyu kilichosuuzwa vizuri. Wali aliukataza kutiwa tui, maana wali wa nazi ukifunikwa ukiwa moto na ukapigwa na joto la basi, unachacha kabla ya adhuhuri. Tulipika mkavu, tukautandaza kwenye sinia mpaka ukapoa kabisa, ndipo tukaufunga. Aliweka pia fungu la ziada, gari likiharibika tusije tukaaibika mbele za watu.

"Hivi vinatufikisha," akasema.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Ongezeni kikapu kingine, mama. Kuku wa kukaanga, na wali wa kutosha."

"Wa kula wapi?"

"Hukohuko. Mimi sijui kule anachinja nani, wala sijui vyungu vyao vimepikiwa nini."

"Si umuulize dada yako? Lori la nazi hupanda Samburu. Mpe dereva salamu."

"Hilo si jambo la kutumiana madereva," baba akasema, akaondoka.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Kuchunga halali ni wajibu, nami naichunga mpaka leo. Lakini namjua baba yangu. Aliona haya kutuma ujumbe kwa mtu aliyemnyamazia miaka, na haya yake akaivalisha kanzu ya dini. Tulimtii. Kuku wakakaangwa, kikapu kikajaa.

Safari yenyewe ilikwenda salama. Gari halikuharibika, chakula hakikuchacha, hata wadogo zangu hawakusumbua. Tulifika jua limeanza kupinda. Shangazi alitoka mbio kwenye boma lake, amejifunga kaniki, akamwangukia bibi kifuani. Wakalia wote wawili. Kisha akaja kwa baba, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mungu akupe subira."

Alitutandikia mkeka uani, akaomba radhi, akaingia jikoni. Bibi akaingia chumbani kuswali. Tukabaki pale na baba, mama na mimi na wadogo zangu. Watoto wakaanza kulia njaa. Baba akamwambia mama afungue kikapu. Mama alisita, nilimwona. Baba akarudia, mama akafungua.

Tulikuwa tumeshaanza kula shangazi alipotoka na birika na beseni la kutunawisha mikono. Akasimama. Baba alikuwa na paja la kuku mkononi.

Mpaka leo namshangaa yule mwanamke, kwa kuwa hakupaza sauti. "Nilimwita mzee Athumani, muadhini wa pale sokoni, aje anichinjie mbuzi," alisema. "Alipiga bismillahi nikimsikia kwa masikio yangu. Na chungu ni kipya, kaka. Hakijaingia kitu cha mtu mwingine."

"Hukuniambia," baba akasema.

"Hukuniuliza."

Tulikuja kujua kwamba habari ya kuja kwetu aliisikia kwa dereva wa lori la nazi, na kwamba mbuzi mwenyewe alikuwa miongoni mwa wachache waliosazwa na kiangazi. Chungu kilitoka kwa mfinyanzi wa mbali. Na pamoja na hayo alipiga magoti akatunawisha, mmoja mmoja, mikono yetu yenye mafuta ya kuku wetu. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama usoni.

Bibi alipotoka chumbani akaona yote kwa mara moja. Hakumkemea baba mbele ya watoto. Aliingia jikoni kwa bintiye, akakaa chini, nasi tukasikia wanavyopakuliana. Baba hakuweza kuinuka kuwafuata, na mimi sikuweza kumwacha baba yangu peke yake.

Jioni baba alitoa alichokuja nacho moyoni. Akamwambia shangazi arudi Msambweni, chumba kipo, shamba lipo.

Shangazi akamtazama kwa upole. "Nikija kwako, kaka, nami nitatengewa chungu changu?"

Kesho yake tulirudi bila shangazi, na hakuja tena, si kwa sikukuu wala kwa harusi yangu.

Ndani ya basi bibi alivuta tasbihi mpaka tulipopita Mariakani. Hapo ndipo akamgeukia baba. "Chakula tulikipanga tukamkumbuka mwenye njaa, tukakumbuka joto, tukakumbuka gari bovu. Aliyekuwa anakungoja hukumkumbuka." Akafunika uso kwa leso yake. Baba alilia pale mbele ya abiria, mtu mzima yule.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa kitandani kwa maradhi yaliyomchukua, na bibi akiwa amezeeka sana lakini bado yuko, nilimsikia baba akimuuliza, "Mama, ule mchuzi wa Mwanasiti ulikuwaje?"

Bibi akafikiri. "Chumvi ilikuwa pungufu kidogo," akasema. "Lakini mtamu."

Baba akageukia ukutani.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Ukipanga chakula cha safari usianze na jiko, anza na mtu unayemwendea. Mpelekee habari, muulize bila kuona haya: tunakuja wangapi, tule wapi, kuna nini cha kuchunga? Ukishajua hayo ndipo upike. Poza wali kabla ya kuufunika, acha tui nyumbani, weka la ziada kwa ajili ya gari kuharibika. Kisha kilichobaki kimalizie njiani, au kigawie abiria wenzako, usikifungue kwenye ua wa mtu aliyekuwashia moto. Na kama dini yako au afya yako inakukataza kitu, useme mapema, kwa adabu, mwenyeji angali ana nafasi ya kukutengenezea. Watu wengi watakusumbukia kuliko unavyodhani.

Nenda basi, nisikucheleweshe. Mwenyezi Mungu akutangulie barabarani, awahifadhi watoto wako, na akufikishe kwa wanaokupenda ukiwa bado na nafasi tumboni.