Ukuta Nyuma ya Kiti cha Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, aliziba matundu yangu ya ukutani kwa lipu siku niliyokwenda sokoni Tengeru. Alijua sipo. Kikao cha ukoo kilikuwa kimempa kazi ya kusimamia ujenzi wa nyumba yangu Moshono, eti mjane asisumbuane na mafundi peke yake. Kiwanja na nyumba vilikuwa vyangu, lakini kila asubuhi mafundi walimtazama yeye kwanza.

Matundu hayo niliyapanga kwa miezi. Kuta zetu ni za mawe, na simu ya mkononi ikifika vyumba vya nyuma hushika mtandao kwa kubahatisha. Kazi yangu ni kuandaa hesabu za maduka kwa kompyuta, nyumbani, siwezi kubahatisha. Nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na video, kisha nikachora. Kila chumba kiwe na bomba la plastiki ndani ya ukuta, lianzie stoo ya korido na kuishia kwenye tundu lenye boksi dogo, waya za mtandao zipite humo, mbali na za umeme. Chumba cha mama mkwe, ambaye miguu imemchoka, kiwe na simu ya ndani ya kunipigia jikoni. Maboksi yote niliyaweka usawa mmoja na soketi za umeme, upande wa kulia, ili fundi yeyote ayapate.

Nilipomuuliza kwa nini ameyaziba, alicheka.

"Shemeji, dunia nzima imeacha nyaya, wewe ndiyo kwanza unazichimbia? Nimekuondolea njia za panya. Sema asante."

Mafundi nao wakacheka. Nikasema asante. Sikubishana hata aliponichagulia rangi. Nilitaka ukuta uishe vizuri kwanza.

Siku ya kubariki nyumba, mchungaji alisali, akala, akaaga. Wazee wa ukoo walibaki sebuleni na chai. Shemeji alikuwa amekalia kiti kikubwa, ndani ya suti ya kijivu, akiwasimulia alivyohangaika na nyumba hii. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwita fundi umeme, niliyekuwa nimemwalika kula pilau na kumwomba aje na nyundo na patasi.

"Shemeji, naomba usogee. Kuna kitu changu nyuma ya kiti chako."

"Leo? Mbele ya wageni?"

"Hasa leo. Wao ndio walionipa msimamizi."

Nyundo ikalia. Lipu ilidondoka vipande vipande, vumbi likamtua begani. Boksi likaonekana, na kamba ya kuvutia waya imejikunja ndani yake. Tukaenda chumba kwa chumba, wazee wakitufuata na vikombe mkononi. Nilikuwa nimemwambia fundi asiharakishe. Chumbani kwa mama mkwe nilieleza kwamba hapa panakaa simu ya kuniita akizidiwa. Mzee mmoja akamgeukia shemeji, ambaye naye ana wajukuu tayari.

"Kijana, umemziba mama yako mdomo?"

Shemeji alijipangusa suti. Nilifurahi, na sioni sababu ya kuandika vinginevyo.

Chumba kimoja sikukifungulia tundu: kile cha wageni, anacholala yeye akija kutoka Babati. Anauza mahindi, na siku hizi wanunuzi wake humtaka kwenye simu za video. Kwa hiyo akija hukaa kwenye kigoda koridoni, mlangoni pa stoo yenye mtambo wa mtandao, na kila apitaye humruka miguu. Sijawahi kumpelekea kiti.

Juzi alinifuata jikoni, mama mkwe akipepeta mchele.

"Shemeji, naomba na kile chumba kifunguliwe."

"Mama hakusikia," nikamwambia. "Sema kwa sauti."

Akasema kwa sauti. Mama mkwe akaweka ungo chini.

"Anaomba nini huyu?"

"Mwambie mama unachoomba, shemeji."

Akarudia mara ya tatu, akitazama sakafu. Mama mkwe akatutazama wote wawili, akaokota ungo wake.

"Mwanangu, mimi unaniomba nini? Mwenye nyumba si huyo hapo?"

Shemeji akanigeukia. "Basi, mama mwenye nyumba, utaniruhusu?"

Nikamwambia nikiamua nitamjulisha. Bado sijaamua.