Kumfungashia Mume Nguo za Baridi

Mume wangu alipochaguliwa kwenda Uingereza kusoma mwaka mmoja, watu wa mtaani kwetu Temeke walimpongeza yeye, mimi wakanipa pole. Waliokuwa na akili walijua nani atafanya kazi. Yeye kazi yake ilikuwa kusafiri. Yangu ilikuwa kufungasha. Na nilikuwa nafungasha kwa ajili ya mahali ambapo hapana mmoja wetu aliyewahi kufika, tena kwa majira ambayo sisi hatuna.

Barua ya kumwita ilikuja na karatasi ya pili yenye orodha ya nguo. Alinisomea barazani, akitafsiri taratibu. Alisema atafika mwanzoni mwa majira ya majani kupukutika. Nikamuuliza hayo ni majira ya baridi au ya mvua. Akasema yote mawili, na jua pia, ndani ya siku moja: asubuhi ukungu, adhuhuri jua la kudanganya, jioni upepo na manyunyu. "Ni kama vuli yetu," akasema, "ila yenye baridi." Mume wangu alikuwa mwalimu, na walimu hawakubali kushindwa na swali. Niliona wazi kwamba hajui.

Mimi nilikuwa nikiogopa kifua chake. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Kipupwe cha hapa Dar es Salaam, ambacho wengine hujifunika shuka moja yakaisha, kilimfanya akae kitandani ameegemea ukuta, kifua kikilia kama mvukuto wa mhunzi uliotoboka. Kwa hiyo zile nguo kwangu hazikuwa urembo. Nilitaka mume wangu arudi mzima, na sikuwa na njia nyingine ya kumlinda isipokuwa lile sanduku.

Angekwenda kwa ndege, na ndege ilikuwa na masharti: ratili arobaini na nne, sanduku lenyewe likiwamo. Majirani hawakutaka kusikia habari za ratili. Kila mmoja alikuja na kitu mkononi na neno lile lile mdomoni, kwamba akiba haiozi. Mmoja alileta blanketi zito la kutoka Lushoto. Mwingine alileta kofia ya sufu ya marehemu kaka yake, ikinuka kabati. Askari mmoja mstaafu, aliyepigana Bama katika vita vya pili vya dunia, alileta kabuti lake la jeshi, zito hata nililipokea kwa mikono miwili. Wote niliwaambia ahsante, na wakishaondoka nikabaki nimekaa katikati ya lile rundo nikiwaza kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Aliyenisaidia kweli alikuwa mzee mmoja dobi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa amefua na kupiga pasi nguo za Wazungu miaka mingi, na ingawa hakuwahi kuwauliza lolote, nguo zao zilikuwa zimemweleza. Aliingia uani, akalitazama rundo, akacheka kidogo.

"Binti yangu, unataka kumfungasha kama gunia la mkaa," akasema. "Mzungu havai nguo moja nene. Huvaa nyembamba tatu nne, moja juu ya nyingine. Jua likitoka anavua ya juu. Mvua ikija anairudisha."

"Na rangi, baba?"

"Rangi zisigombane. Kila cha juu kikubaliane na kila cha chini. Hapo nguo sita zinakuwa kumi na mbili."

Nikafanya hivyo. Suti moja ya kijivu, na suruali moja ya flana ya kijivu iliyopauka kidogo, ili koti la suti livaliwe na suruali zote mbili. Mashati matatu meupe na moja la buluu. Fulana za ndani nne. Soksi za sufu jozi tatu. Tai mbili, nyeusi ikiwa ya misiba, maana misiba haina nchi. Koti la mvua. Kanzu moja na kofia yake kwa Idi, nyepesi zisizochukua nafasi. Viatu nilivijaza soksi ndani, na kila shati nililikunja kama dobi alivyonionyesha, kola hii ndani ya kola ile. Suti, koti la mvua na kabuti tulikubaliana atavivaa mwilini, visipimwe. Kisha tukalibeba sanduku hadi kwa mwenye duka, tukaliweka kwenye mizani yake ya mpunga, na wateja wote wakaacha walichokuwa wakinunua wakaja kutoa maoni. Lilizidi ratili mbili. Nikatoa kitabu cha sala, mume wangu akanitazama vibaya, nikakirudisha nikatoa shati la buluu.

Lakini kitu cha maana kuliko vyote nilikifuma mwenyewe. Nilikuwa nimejifunza kufuma kwa sindano mbili katika darasa la akina mama, nikiwa sijui nitafuma nini katika joto hili. Sasa nilijua. Nilimfumia sweta la sufu rangi ya majivu, lisilogombana na nguo yoyote, lenye shingo ndefu ya kufunika koo na kifua mara mbili ya unene. Lilinichukua miezi miwili. Vidole vilitoka jasho, sufu ikanata kwenye jasho, nikawa nafumua safu nzima na kuanza upya. Jioni za kipupwe nilimvisha ili nipime mikono na kwapa, naye akakaa nalo mpaka linalowa, akisoma magazeti yake kwa utii kama mtoto anayenyolewa.

Wiki mbili kabla ya safari akaja mama mkwe kutoka Pugu. Nilimheshimu, lakini sitasema uongo kwamba tulipendana. Mimi nilikuwa mtu wa kuja, binti wa Kikristo kutoka Upareni niliyesilimu kwa ajili ya ndoa, na yeye alikuwa Mzaramo ambaye nyumba yake na makaburi ya babu zake viko shamba moja. Kila nilichotia sandukuni alikitoa akakinusa. Kila alichotia yeye, samaki wa ng'onda, makopa ya muhogo, kifurushi cha udi, mimi nilikitoa. Hatukugombana kwa maneno hata mara moja. Tuligombana kwa sanduku, na jioni nilikuwa nimechoka kuliko mtu aliyelima.

Siku moja tukiwa wawili uani akaniambia, "Mkwe wangu, akiondoka niachie nguo yake moja. Isifuliwe."

"Haya, mama," nikasema.

Sikumuuliza ya nini, kwa sababu nilidhani najua. Kila mtu anajua nguo yenye jasho la mtu inapelekwa wapi na inafanyiwa nini, na Pugu hakukukosa waganga. Niliwaza: anataka kumfunga mwanawe, akirudi arudi kwake, mimi nibaki na sindano zangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na nikajiona mjanja sana. Siku mbili kabla ya safari nilifua kila kitu. Mashati ya shule, vikoi vya kulalia, taulo, leso za mfukoni. Nilifua hata kitambaa alichofutia viatu. Mama mkwe alikaa kwenye kibao akaniangalia nikianika, mpaka kamba mbili zikajaa.

Sweta peke yake sikulifua. Dobi alikuwa amenionya kwamba sufu mpya ikifuliwa na asiyejua inarudi saizi ya mtoto. Nikalikunja kama lilivyo, nikaliweka juu kabisa sandukuni, ili likifunguliwa tu alione.

Siku ya kuondoka palisomwa dua ya safari, na sanduku likawekwa katikati ya mkeka lisomewe pia. Kwetu pale, sanduku likishasomewa halifunguliwi mpaka lifike. Nilikuwa nimeliacha chumbani wakati nikimimina chai ya wageni. Nilipotoka na sinia nikakuta limeshafungwa kamba na kubebwa nje, wazee wamekwisha kukunja miguu. Nisingeweza kuwainua wazee mkekani ati nataka kuhesabu soksi. Nikaketi, nikaitikia amin pamoja na wengine.

Uwanjani mume wangu aliingia ndegeni amevaa suti, koti la mvua na kabuti la Bama, jua limesimama utosini. Alikuwa akitiririka. Watu walimcheka na mimi nikacheka. Kisha nikarudi nyumbani nikalala hadi kesho yake, kwa sababu sikuwa na kitu kingine kilichobaki mwilini.

Barua ya kwanza ilikuja baada ya wiki tatu. Habari nyingi, na chini kabisa: sweta halimo, je, ulilitoa kwa sababu ya ratili? Nikatafuta nyumba nzima kwa sababu lazima utafute, lakini nilishajua. Mkono ulioliondoa nilikuwa nimekaa nao wiki mbili. Sikwenda Pugu. Nilikuwa nimechoka na ule ugomvi, na nilijidanganya kwamba kabuti litatosha.

Barua ya pili ilikuja mwezi wa kumi na mbili, na mwandiko ulikuwa umelegea. Alikuwa amelazwa siku kumi. Kabuti, alisema, halivaliwi darasani, na humo darasani ndimo baridi ilimomkuta. Sasa ana nafuu. Kama sweta limeonekana, nimtumie kwa posta.

Nililia kwa hasira. Asubuhi nikapanda gari la moshi kwenda Pugu, barua ndani ya mkoba, na njia nzima nikawa nayapanga maneno. Nilipanga kuanza kwa heshima na kumaliza bila hiyo heshima. Nilipanga kumuuliza mganga amelipwa nini na kumfunga mtu kwa pumu ni dawa gani.

Ilikuwa saa saba mchana nilipofika, joto la kaskazi limekaa juu ya nyumba. Nilipiga hodi mara mbili. Sauti ikanikaribisha kutoka ndani. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba, mgongo ukutani, kanga kiunoni, na juu amevaa lile sweta. Mikono imemzidi, ameikunja mara tatu. Shingo ndefu imemfika masikioni. Uso wake wote ulikuwa umelowa, matone yakishuka kidevuni na kuingia kwenye sufu, na hakuyafuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelifuata."

"Nimelifuata."

 Hakujaribu kulificha wala kulivua. "Mie nilikuomba nguo moja," akasema. "Ukafua zote. Ukafua mpaka leso."

"Mama, nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nilikuona ulivyokuwa unakamua." Alishika ukosi wa sweta akauvuta puani. "Alipokuwa mdogo kifua kikimbana nilikuwa namlaza hapa juu yangu tunalowa wote wawili mpaka kunakucha. Sasa yuko huko, mie nitamlaza wapi? Harufu nayo inaisha. Jasho langu linaimaliza. Ningekuwa na akili ningeliweka tu nisilivae."

Nilisimama mlangoni na maneno yangu yote ya garini. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mganga hakuwapo. Alikuwapo mama mtu mzima anayeumia kwa ajili ya mwanawe, na mkwe aliyeanika hadharani kamba mbili za dharau.

"Ameandika?" akauliza. Yeye hakujua kusoma. Alikuwa ameuona mkoba wangu jinsi nilivyoukumbatia.

"Ameandika."

"Kifua?"

Ile barua ilikuwa na siku kumi ndani yake. Nilikuwa nimepanda nayo garini ili nimpige nayo.

"Hajambo, mama," nikasema. "Kifua kimetulia. Anasema kabuti linamtosha, na darasani wanawasha moto."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa naogopa nimemdhulumu. Basi lichukue, umpelekee."

"Hana haja nalo. Kaa nalo."

Nikamchotea maji, nikamvua sweta mwenyewe, nikamfuta mgongo kwa upande wa kanga, nikalikunja nikaliweka chini ya mto wake. Nikamwambia likikaa chini ya mto tu, bila kuvaliwa, harufu itakaa. Sikujua kama ni kweli. Nilikuwa nimeanza kusema uongo na haukuwa mgumu.

Niliporudi Temeke nilimwandikia mume wangu kwamba nililisahau sweta juu ya kabati siku ile ya wageni, na panya wamelitoboa, anisamehe. Kisha nikatafuta sufu nyingine na kufuma jingine, mwezi mzima wa kaskazi, taulo miguuni ili jasho lisiharibu kazi. Sikuwa na furaha hata kidogo wakati nafuma. Lilimfikia baridi imekaribia kwisha.

Alirudi mzima, Mungu ashukuriwe. Na kile kisa kikawa ndicho hadithi yake ya wageni kwa miaka yote tuliyoishi pamoja. Wageni wakishiba, anaanza: mke wangu alinifungashia mpaka tai ya misiba, akasahau kitu kimoja tu, kile cha kuniponya. Walikuwa wakicheka, na mimi nikicheka nao, kwa sababu nilikuwa mwenyewe nimeitunga. Watoto wangu walikua wakijua kwamba mama yao hajui kufungasha. Hata leo mmoja akisafiri, sanduku hawanigusishi.

Mara moja tu ilikuwa karibu kuharibika. Ilikuwa Idi, mama mkwe yuko kwetu, ameshazeeka sana, na mwanawe akaanza hadithi yake mbele ya mashemeji. Alipofika pale pa siku kumi za kulazwa, ambapo mama yake hakuwahi kupasikia, nikamwona anashusha kikombe. Aliniangalia mimi, si mwanawe. Akafahamu kila kitu hapo hapo. 

"Mwanangu," akasema, "lile sweta..."

"Mama," nikamkatiza, "chai yako inapoa."

 Akakiinua kikombe kwa mikono miwili, akanywa.