Siku Nilipomvua Shati Baba Mkwe

Ninyi vijana mnaosoma haya, chekeni kwanza mmalize, maana aibu ni yangu na sitaificha: nimewahi kumrushia baba mkwe wangu madongo mbele za watu, kisha nikamvua shati.

Ilikuwa enzi za kijiji cha ujamaa, tunalima kahawa ya pamoja huku Lufingo. Bwana shamba alikuja kutufundisha kupulizia dawa ya wadudu, akasema dawa hii haiui kwa kuinywa tu, inapenya hata kwenye ngozi, ikikulowesha vua nguo upesi uoge kwa sabuni. Wanaume walicheka (wao wanajua kila kitu), na baba mkwe hakuwepo, alikuwa msibani Nkunga.

Kesho yake namwona amebeba bomba la dawa mgongoni, linavuja, shati limelowa mpaka kiunoni. Sasa kwetu Wanyakyusa enzi hizo mkamwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, jina lake halitaji, akimwona njiani anaingia porini. Nikafanya nilivyofunzwa: nikajifunika khanga, nikachuchumaa nyuma ya mti wa kahawa, kimya. Hapo ndipo nilipokosea. Nikatafuta mtu wa kumtuma, wote wako bondeni wanachota maji. Nikajiambia akimaliza mstari huu atalitua. Hakulitua. Akaanza kutoka jasho, mate yanamchuruzika, anayumba, na mimi nauma khanga, nawaza, akifa nitasema nini, kwamba nilikuwa namheshimu?

Nikaokota donge, nikarusha ili ageuke. Likampita. La pili likagonga bomba. La tatu likampata kisogoni, na watu ndiyo kwanza wanapanda na ndoo zao.

“Jamani! Mkamwana anampiga mkwewe!”

“Kalewa mwanamke huyo!”

Mzee akaanguka. Nikaruka, nikamfungua bomba, nikamchania shati, nikapaza sauti, “Tata, baba, usilale! Leteni maji na sabuni!”

Mama mkwe akafika, mikono kichwani. “We mwanamke, umemgusa?”

“Nimemgusa, mama. Mmwagie maji!”

Wakambeba kwa machela hadi hospitali Tukuyu, mimi nyuma kabisa, kichwa chini (wanawake wananong’ona, nasikia kila neno), nikashinda nje nangoja kusikia kilio. Hakufa. Aliporudi nilipeleka kuku wa kuomba radhi kama mila inavyotaka, naye akajibu kupitia kwa mama mkwe: “Mwambie ndaga, ahsante sana. Halafu umuulize, alichelewa wapi?”



Kwa hiyo siku nilipopata mkamwana wa kwanza, niliwakusanya wote wa nyumba yangu, na mume wangu akiwepo, nikaamuru: “Mkimwona mtu yuko hatarini kazini, awe mkwe awe nani, mwiteni kwa jina lake, tena kwa sauti. Kuku wa kuombea radhi nitamchinja mimi.”