Maji ya Mdogo Wangu

Hata leo nikipita penye ubani unaofukizwa, namwona yule kinyonga, mweusi tii kwenye tawi la mgunga.

Alikuwa wa mdogo wangu. Siku alipopandishwa lori la mbuzi kupelekwa hospitali Garissa, homa ikimchoma, alinikabidhi kinyonga wake. "Abayo, dada yangu," akasema, "mlishe mpaka nirudi."

Tangu siku ile kinyonga akageuka mweusi, akakataa kula. Nikimsogezea panzi, anafumba macho. Ayeyo, bibi yetu, aliwaogopa vinyonga kuliko nyoka, lakini aliponiona nalia alileta kikombe cha maji yaliyosomewa Kurani, aliyokuwa amemwekea mdogo wangu. Akamnyunyizia kinyonga yote, kisha akamfukiza ubani, vilevile alivyomfanyia mtoto kabla lori halijaja.

Moshi ulipotawanyika, kinyonga alikuwa kijani kibichi. Ulimi ukafyatuka, panzi akatoweka.

Nilicheka, nikamgeukia ayeyo ili naye acheke. Alikuwa anakitazama kile kikombe kitupu. Akavuta mtandio usoni, akasema polepole maneno ya msibani, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Lori lilikuwa bado halijarudi.