Mapango ya Udongo ya Dada Redempta

Sisi tuliokulia Ifakara kabla simu hazijaingia mifukoni, michezo tulikuwa tunaifinyanga wenyewe, na hapa nasema kufinyanga kwa maana yake hasa.

Dada yangu Redempta alianguka kutoka kwenye mpera wa nyuma ya nyumba, mguu ukavunjika. Hospitali wakamfunga hogo, ile bandeji ngumu nyeupe, likamfika gotini, wakamwambia asiukanyagie mguu mpaka waseme wao. Kwa mtoto aliyekuwa akiongoza mtaa mzima kwenye michezo ya rede na kombolela, kilikuwa kifungo kabisa. Mwanzoni wenzetu walikuja kumpa pole, wakaandika majina yao kwenye hogo, halafu wakazoea. Jioni tukawa tunasikia kelele zao uwanjani, na yeye yuko barazani kwenye mkeka, anajifanya hasikii. Mimi mdogo wake nilikaa naye, lakini macho yangu yalikuwa kule kule kwenye kelele, na aliyaona.

"Nenda tu," akaniambia siku moja. "Ila ukirudi niletee udongo wa Mama."

Mama yetu alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Udongo wake aliuchimba kwenye kingo za Mto Lumemo, ule mweusi unaonata, akaufunika kwa gunia bichi. Nilimletea Redempta donge. Akanyunyiza majivu kwenye kifuniko cha mkebe wake wa hisabati, akaushindilia udongo humo, akakipindua. Kikatoka kigae chenye pembe nne safi. Akakiinulia kuta pembeni na kuacha upenyo wa mlango. Kingine akakichora mto kwa njiti ya kiberiti, kingine akakitia ngazi za kushuka chini ya ardhi. Kwa kuwa vyote vilitoka kwenye mkebe mmoja, vilipangika vyovyote utakavyo: leo mlango unafungukia mtoni, kesho mlango huo huo unafungukia kwenye tundu la joka.

Joka lenyewe lilikuwa ganda la konokono. Mashujaa walikuwa vizibo vya soda. Dadu nayo tuliifinyanga, ikatoka na nundu upande mmoja, kwa hiyo ilipenda sana kuangukia nne. Kilichobaki alikijaza Redempta kwa mdomo.

"Umeingia pangoni," alikuwa akisema, sauti chini. "Giza. Kuna harufu ya samaki aliyeoza, na kitu kinapumua. Unafanyaje?"

Hamisi wa nyumba ya pili, bingwa wa kombolela, alipita kuomba maji ya kunywa. Akasimama kidogo kusikiliza. Kisha akachuchumaa. Mama yake alipokuja kumwita alimkuta bado anabishana kama kizibo kinaweza kuogelea. Kesho yake alikuja na wenzake, na kesho kutwa uwanja ukakosa watu.

Halafu masika ikaingia kwa kishindo. Sisi tuko shule, Mama yuko shambani, mvua ya upepo ikapiga barazani na Redempta hakuweza kunyanyuka kuokoa kitu. Tuliporudi tulimkuta amejiburuta hadi mlangoni, hogo limechafuka, mikono imejaa uji wa matope. Yale mapango yote yalikuwa yameyeyuka.

"Hawatakuja tena," alisema, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku mguu ulipovunjika.

Mama alikuwa akilalamika kila siku kuhusu udongo wake kuisha. Safari hii alitua jembe, akaketi palepale kwenye maji.

"Udongo haujaenda popote, mwanangu. Finyanga tena. Vikikauka nitavichoma pamoja na vyungu."

Alitufundisha kuchanganya udongo na vigae vya chungu kilichovunjika, vikiwa vimetwangwa, ili moto usipasue kazi yetu. Hata hivyo vigae vyetu viwili vitatu vilipasuka motoni na kuondoka na chungu kizuri cha kupeleka sokoni. Mama alikitazama kile chungu, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Haya, huyo joka aliyenigharimu chungu changu yuko wapi?"

Akakaa mkekani, akapewa kizibo, akarusha dadu. Jioni ile tulikula wali ulioungua, na hakuna aliyelalamika, maana aliyeusahau jikoni alikuwa bado anamtafuta joka.

Hogo lilipotolewa Redempta alirudi uwanjani, akichechemea kidogo mwanzoni. Ila mvua ikinyesha, wote walijua pa kukimbilia.

Likizo iliyopita mwana wa Redempta, Brayani, alikuja kutoka Dar na sanduku la vigae vya plastiki vilivyochapwa na mashine. Ni vizuri, siwezi kusema uongo: mawe yana ukungu, milango inafunguka, dadu ina nyuso nyingi mpaka hujui ipi ni ya juu.

"Shikamoo, mama mdogo. Kabla ya kucheza usome kwanza sheria," akanipa kitabu kinene kama Biblia.

Nikamwambia, mwanangu, sisi mpaka ukurasa huu tungekuwa tumeshamuua joka, tumempika na kumla. Redempta alicheka mpaka akafuta machozi.

Kijana alipanga mapango yake mezani, akakaa na simu kuwasubiri wenzake wajiunge hewani. Mmoja hakuwa na bando, mwingine umeme ulikatika, wa tatu alisema labda wikendi. Nilimhurumia. Enzi zile ilitosha dada yangu kupiga mluzi mmoja, na nusu ya mtaa ikaja kugombania nafasi kwenye mkeka wetu.