Msusi wa Berea Aliyesuka Kituruki

Siku hizi saluni yetu ya mtaa wa Berea imenyamaza, maana hakuna tena anayesuka nywele huku akikariri Kituruki.

Msusi wetu Félicité alitaka kuolewa na Kemal, Mturuki, fundi wa mashine kule kwenye viwanda vya Mobeni. Mama yake Kemal, aliyekuwa Uturuki, alikataa kutoa jibu mpaka aongee na msichana mwenyewe bila mkalimani.

Basi Félicité akaanza kujifunza Kituruki, akikariri huku akisuka wateja. Kituruki hubandika mambo mwishoni mwa neno: yangu, yako, ndani ya, kutoka. Félicité hakushangaa. Aliona ni kama kuunga rasta: unashika shina, unaongeza mkia, kisha mkia mwingine.

Jumamosi mama huyo alipopiga simu, mwaka 1998, ulimi ulimkwama Félicité. Akabana simu begani, akamvuta msusi mwenzake, Laurette, akaanza kumsuka. Vidole vilipokwenda, maneno yakafuata.

"Eish, dada, unaniumiza! Kichwa yangu si daftari!"

"Nyamaza, mama mkwe iko anasikia!"

Mama yake Kemal alisikia kelele hizo, akacheka sana, akamwita *kızım*, yaani binti yangu. Laurette akaenda nyumbani amesukwa upande mmoja.

Félicité sasa anaishi Izmir na mumewe, na ana saluni ya viti viwili.